Goti la Sponji

Walipanda ngazi wakicheka, wanaume watatu, na kabla hawajafika mlangoni Fundi alishajua kwamba si watu wa suruali. Mwenye suruali ya kupunguza hapandi ngazi akicheka. Hupanda kimya, ameibana kwapani, anawaza ataambiwa bei gani.

Chumba cha ushonaji kilikuwa juu ya duka la rangi. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na dirisha moja lililotazama mtaa wa maduka ya vipuri. Fundi alikikodi pamoja na mwenzake, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kazi ya vifungo na pindo ilimpa jina la Vifungo. Msimu wa sare za shule ulikuwa umepita, na wiki ile wateja walikuwa wa kuhesabu.

Aliyetangulia kuingia alivaa fulana ya rangi ya chungwa. Mtaa mzima ulimwita Spika, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha nyimbo za mashabiki wa timu ya chungwa, na sauti yake haikuhitaji kipaza. Siku za kazi alipakia magunia kwenye ghala la nafaka.

"Mama, tuna kazi ambayo si ya kawaida," alisema.

"Kazi ni kazi. Semeni."

"Tunataka goti."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Goti la suruali?"

"Goti la mtu. Kubwa, kama la jitu. Ndani sponji, nje kitambaa cha rangi ya mwili. Tunataka tulibebe juu juu Jumapili, kwenye mechi ya watani."

"Na lifungwe bandeji," akaongeza mwenzake. "Halafu kwenye bandeji uandike MGAO."

Wakacheka upya, wakagongeana viganja. Fundi hakuhitaji kufafanuliwa. Winga wa timu ya zambarau aliitwa Umeme kwa sababu ya mbio zake, na tangu goti lake lijipinde mazoezini akatolewa kwa machela, mji haukuwa na utani mwingine. Umeme umekatika. Nguzo imeanguka. Zambarau wana umeme wa mgao, leo upo, kesho haupo. Hata watangazaji wa redio waliyarudia maneno hayo huku wakijifanya wanaona aibu.

Wale watatu hawakujua kwamba winga huyo alikuwa mtoto wa mwanamke aliyesimama mbele yao na tepu shingoni. Pale juu yeye alikuwa Fundi tu, na kijana alichukua sura yote kwa baba yake.

Fundi aliinamisha kichwa kama mtu anayepiga hesabu ya kitambaa. "Limekunjwa au limenyooka?"

"Kwani ina tofauti?"

"Goti lililokunjwa lina mshono wake."

"Likunje, mama. Likunje kabisa."

"La kushoto au la kulia?"

Spika akamtazama kwa heshima mpya. "La kushoto. Unaona jamani, huyu ni fundi wa kweli. Sisi hata hatukulifikiria hilo."

Walitoa malipo ya awali, wakashuka. Spika alishuka wa mwisho, taratibu, ameshika ukuta. Vifungo alisubiri mpaka vicheko vyao vikamezwa na kelele za mtaani.

"Shoga, lile si goti la mwanao?"

"Najua. Nilimzaa nalo."

"Na kazi umeipokea?"

"Ningekataa wangekwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara, awashonee goti kama ndizi."

Vifungo alicheka pasipo kutaka. Kisha akamwona mwenzake akiipima meza ile ile mara ya pili, bila kitambaa juu yake, naye akarudi kwenye vifungo vyake.

Jioni hiyo mume wa Fundi alirudi nyumbani amenyolewa nusu. Upande wa kulia kichwa kiling'aa. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama kawaida. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole asiyejua kurudisha neno papo kwa papo. Majibu mazuri yalimjia akishafika kwake.

"Imekuwaje tena?" Fundi aliuliza.

"Nimeondoka."

"Katikati ya kunyolewa?"

"Kwanza wakaniuliza kama siku hizi nyumbani tunatumia mishumaa. Nikanyamaza. Kinyozi naye akazima mashine makusudi, akasema, 'Samahani mzee wangu, umeme umekatika.' Chumba chote kikaangua kicheko. Nikavua shuka, nikatoka."

Sebuleni, kijana alikuwa amelala kwenye kochi, mguu wa kushoto juu ya stuli, taulo lenye barafu gotini. Aliinua kichwa, akamwona baba yake, akauma mdomo.

"Cheka tu," baba akamwambia. "Mimi mwenyewe nimejiona kwenye kioo cha duka la dawa, nusura nicheke."

Wakacheka wote watatu, na kwa muda mfupi nyumba ikawa kama ilivyokuwa kabla ya goti.

Fundi alitoa stuli uani, akamketisha mumewe, akamfunga shuka shingoni na kuanza kummalizia kwa mkasi na wembe. Kijana alikuja akichechemea, akaegemea fremu ya mlango.

"Meneja amepiga simu," alisema. "Wanataka nicheze Jumapili. Watanichoma sindano ya ganzi kabla sijaingia. Sitasikia maumivu."

"Na daktari wa hospitali alisemaje?" Fundi aliuliza, macho kwenye wembe.

"Ulikuwepo, mama."

"Nataka nikusikie wewe ukisema."

Kijana alivuta pumzi. "Kano imechanika nusu. Nikipumzika na kufanya mazoezi ya tiba, itashika. Nikikimbia nayo inaweza kukatika yote."

"Inaweza," baba alisema chini ya shuka. "Hakusema itakatika. Na meneja anasema ni kipindi kimoja tu. Mkataba unaisha msimu huu, mke wangu. Mtu akikosekana mechi ya watani, nani atamkumbuka wakati wa kusaini?"

"Tulia, nimeshika wembe."

Baba akatulia. Fundi akapitisha wembe nyuma ya sikio, akaupangusa kwenye shuka.

"Sindano inaondoa maumivu," alisema. "Inashona kano?"

Kijana alilitazama goti lake.

"Mama, mimi nitacheza," kijana alisema hatimaye. "Hata si kwa ajili ya mkataba. Nimechoka. Nikienda kununua vocha, muuzaji ananiuliza nimekatika tangu saa ngapi. Watoto wakiniona nachechemea wanaimba. Leo wamemfukuza baba kwa kinyozi alikonyolewa tangu sijazaliwa. Nikigusa mpira mara moja tu, wote watanyamaza."

"Hawatanyamaza. Usipocheza watacheka, ukivunjika watacheka zaidi. Utani ndiyo starehe yao, mwanangu, tena haiwagharimu chochote."

"Basi wacheke nikiwa uwanjani."

Fundi alipangusa kichwa cha mumewe kwa kitambaa chenye maji. Kilikuwa kimetoka laini, pande zote mbili sawa. Alikuwa na neno la kusema kuhusu goti lililomsubiri kazini, akalimeza.

Kesho yake alikata kitambaa, akaunganisha, akaanza kujaza sponji ya godoro kuukuu. Hakuifanya kazi ile ovyo. Aliweka mishono miwili pale ambapo mmoja ungetosha, akakunja kitambaa nyuma ya goti jinsi ngozi inavyojikunja mtu akichuchumaa. Vifungo alimtazama akishona, akasema kwamba kama watu wote wangetukanwa kwa ustadi ule, wangeomba kutukanwa tena.

Adhuhuri walisikia mtu akipanda ngazi, hatua moja nzito, nyingine ya kuburuta. Vifungo alinyanyuka akitaka kulifunika goti kwa khanga ya mteja iliyokuwa jirani. Fundi akamzuia kwa mkono.

Kijana aliingia na soksi yake ya kubana goti. "Mama, imelegea. Nilitaka uipunguze kidogo. Nimeshamwambia meneja..." Akaishia hapo. Juu ya meza, kubwa kuliko gunia la mchele, goti lilikaa limekunjwa, na bandeji yake ilikuwa imeanza kuzungushwa.

"Hiki ni nini?"

"Goti," mama yake alisema.

"La nani?"

"La kushoto."

Alilizunguka. Aliona herufi zilizochorwa kwa chaki kwenye bandeji, zikisubiri uzi. Uso wake ukabadilika. "Watu wa chungwa. Na wewe umepokea kazi yao? Mama, hata wewe?"

"Hata mimi. Hawajui mimi ni nani. Walipokuwa wanalieleza, nilitaka kuwafukuza. Halafu nikajiuliza, hiki kitu kinachokufanya ukubali kuchomwa ganzi kikoje? Nikataka nikishike kwa mikono yangu. Nimekishika. Ni sponji ya godoro."

Kijana aliketi kwenye benchi la wateja. Akawa anavuta uzi wa ile soksi. Vifungo alijikumbusha kwamba alikuwa na safari ya kununua zipu, akashuka.

"Umekosea," kijana alisema baadaye, sauti imeshuka. "Pia ya goti haikai hapo. Iko juu zaidi."

"Wapi?"

"Hapa."

"Nionyeshe."

Alikunja suruali. Fundi akapiga magoti mbele ya benchi, na kijana akauchukua mkono wake na kuuweka gotini. Ule mguu Fundi alikuwa ameuosha, ameupaka mafuta, ameutoa miiba. Lakini tangu mwanawe abalehe hakuwahi kuugusa. Goti lilikuwa limevimba, na lilitoa joto kama pasi iliyoondolewa nguoni sasa hivi. Kijana aliunyoosha mguu polepole. Ndani, chini ya kiganja cha mama yake, kitu kikateleza kutoka mahali pake, kikarudi.

Fundi hakuutoa mkono.

"Linafanya hivi kila mara?"

"Nikishuka ngazi. Na nikigeuka."

"Na kwenye mpira mnageuka mara ngapi?"

Kijana akatazama pembeni.

"Nisikilize," Fundi alisema. "Lile la mezani nikikosea, nafumua na kushona upya. Nimelifumua mara mbili tangu asubuhi. La kwako likikatika, mimi na wembe wangu na cherehani yangu sina pa kuanzia. Ukitaka kucheza kwa sababu unataka kucheza, soksi nitaipunguza sasa hivi na Jumapili nitakupikia. Lakini kama unakwenda kumnyamazisha muuza vocha, goti hilo unalitoa bei rahisi mno."

Mtaani chini mtu alikuwa akigonga bodi ya gari kwa nyundo. Kijana alisikiliza nyundo ile muda mrefu. Kisha akatoa simu.

Meneja alipaza sauti, hata Fundi akasikia maneno yakidondoka: mwoga, timu, mkataba, utajua mwenyewe. Kijana alimwacha amalize.

"Nimekuelewa, meneja," alisema. "Sichezi. Nitakuletea barua ya hospitali mwenyewe, kesho." Alipokata simu uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetua mzigo. Aliivuta meza kidogo upande wake. "Nipe sindano nyingine. Hii pia ya goti tuipandishe, wasije wakasema hatujui magoti."

Wale watatu waliporudi kuchukua kazi yao walimkuta yeye kwenye benchi, mguu umenyooshwa, akikata nyuzi zilizobaki. Spika alimtambua pale pale mlangoni. Sauti yake kubwa ilimpotea.

"Karibuni," Fundi alisema. "Huyu ni mwanangu. Kazi yenu iko tayari."

Mmoja wao alirudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye fremu.

"Mama," Spika alisema. "Tungejua..."

"Mngejua mngekwenda kwa fundi mwingine, nami ningekosa kazi. Ingieni, msizibe mlango."

Waliingia kama watu wanaoingia msibani. Walilitazama goti, wakamtazama mwenye goti, wakakosa pa kuweka macho. Spika alitoa pesa iliyobaki, akaiweka mezani. "Lakini tutaliacha hapa. Haifai tena."

"Mniachie mimi?" Fundi alisema. "Nilivalishe suruali? Linajaza chumba. Mmeagiza, mmelipa, chukueni."

"Shikeni kwa chini," kijana akasema. "Mkilishika juu bandeji italegea. Na ukisoma vizuri utaona MGAO imeshonwa, haikuchorwa. Hata mvua ikinyesha haitoki."

Hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Spika aliinama kulinyanyua, na alipochuchumaa uso ukajikunja, akajishika mguu.

"Na wewe lako lipi?" Fundi alimuuliza.

Alisita. "La kulia. Magunia."

"Tangu lini?"

"Zamani. Ghalani wananiita Kwaruza. Nikipanda ngazi linalia, wenyewe wanalisikia." Alicheka kidogo, akaona wengine hawacheki, akaacha. Kisha akamgeukia kijana. "Ni kweli utacheza Jumapili? Tumesikia kuna sindano."

"Sichezi."

Spika alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nilichomwa zile," alisema. "Msimamizi alituletea mtu, mavuno yalipokuwa mengi. Nilibeba siku ile kama kijana wa miaka ishirini. Kesho yake sikusimama." Akalibeba goti kwa chini, kama alivyoelekezwa, akashuka nalo huku wenzake wakimtangulia kumwonyesha ngazi.

Jumapili Fundi na mwanawe walitazama mechi nyumbani. Baba alikuwa amesema atakwenda kuitazamia kwa kinyozi, maana amenyolewa na hana cha kuficha, na kweli akaenda. Kwenye televisheni, goti lilionekana kwenye jukwaa la chungwa likipita juu ya vichwa vya watu. Mtangazaji alilicheka mpaka akakohoa. Kijana alisogeza uso karibu na kioo.

"Limekaa vizuri, mama. Halijalegea hata kidogo."

Timu ya zambarau ilifungwa. Mashabiki wake wenyewe ndio waliopita mbele ya nyumba wakimwita mwoga, na hilo lilimuuma kijana kuliko goti lolote la sponji. Baba alirudi jioni akatua kofia mezani.

"Walianza tena," alisema. "Kinyozi akaniuliza mwanangu yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani, anaweka mguu wake vizuri ili autumie miaka mingi, na wewe unyoe watu. Nimelisema pale pale, mke wangu. Sikungoja nifike hapa."

Mkataba haukuongezwa. Meneja hakupiga simu, na barua ilipokuja ilikuwa fupi. Zilifuata siku za kukunja na kukunjua mguu kwenye mkeka wa sebuleni, za kupanda na kushuka kizingiti huku baba akishika bega, za kijana kumsaidia baba yake kupaka rangi kuta za chini, zisizohitaji ngazi. Kuna siku alilia, akaficha uso kwenye taulo. Kuna siku alirusha ile soksi nje ya dirisha, naye Vifungo, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, akairudisha bila kuuliza. Lakini kano ilishika. Daktari alilisukuma goti huku na huku, akasema likimbie.

Timu ya daraja la pili, yenye uwanja usio na paa na mabenchi ya mbao, ilimchukua kwa mshahara wa kawaida. Siku ya mechi yake ya kwanza Fundi alifunga kazi mapema, akaenda uwanjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Siku zote alisema moyo wake hauna nguvu za kutazama. Alikaa katikati ya watu asiowajua, mkoba mapajani, akamwona mwanawe akigeuka, akikimbia, akigeuka tena. Hakuwa na mbio zile za zamani. Alikuwa na nyingine, za mtu anayejua anakokwenda.

Kipindi cha pili, beki wa timu pinzani, kijana mrefu mwembamba, aliruka, akatua vibaya, akabaki chini ameshika goti. Nyuma ya Fundi mtu mmoja akapaza sauti, "Mleteeni gundi." Mwingine akadakia, "Gundi haitoshi, leteni seremala." Benchi zima likacheka. Fundi naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiona, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri na alikuwa na furaha mchana ule.

Kisha akanyamaza. Akamgusa bega jirani yake.

"Yule ni mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Si wa timu yetu."

Fundi akasimama, akaangaza macho upande wa pili wa uwanja, ambako mashabiki wa wageni walikaa. Hakutafuta kwa muda mrefu. Watu wote walikuwa wamekaa wakizungumza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyesimama kwenye benchi la mbele, mkono mdomoni, mkoba umeanguka miguuni na hakuuona.

Aliomba njia, akapita kati ya magoti ya watu. Akashuka, akazunguka nyuma ya goli, akapanda upande wa wageni, ambako walimtazama kwa sababu kitambaa chake cha kichwani kilikuwa na rangi ya wenyeji. Aliuokota ule mkoba, akaupangusa vumbi, akamshika yule mwanamke kiwiko.

"Mimi ni mama wa winga wa wenyeji," alisema. "Kaa, dada. Ni goti gani?"

"La kulia," yule mwanamke alisema, na akakaa.